Kabla ya kumnunulia mzee mashine ya umeme ya miguu

Mzee anatoka Ngamiani, hapa mjini Tanga, kwenda Soko la Mgandini. Kabla hajafika mbali shavu la mguu linamkaza, anasimama kidogo kama mtu anayesalimiana na watu wa barazani, maumivu yanatulia, anaendelea. Akifika umbali kama uleule yanarudi. Nyumbani tunasema ni baridi, au ni umri. Mara nyingi ni mishipa ya damu ya miguu iliyopungua upana kwa mafuta yaliyoganda ndani ya kuta zake, kwa hiyo msuli unaotembea unakosa damu ya kutosha. Sasa watoto wanasikia kuna mashine ndogo ya umeme inayobandikwa mguuni na kumsaidia mgonjwa wa namna hii atembee mbali zaidi, wanachanga pesa ili waagize. Nia ni njema kabisa, lakini kuna mambo ya kuyamaliza kabla pesa haijatoka.

La kwanza, na ndilo ninaloomba lisirukwe hata kama mengine yatarukwa, ni kujua kama tatizo ni mshipa wa damu kweli. Maumivu ya mshipa huja kwa kutembea na hutulia kwa kusimama tu, ndani ya dakika kumi hivi. Yale yanayotoka kwenye uti wa mgongo hayaridhiki na kusimama. Mtu hupata nafuu akikaa au akiinama mbele. Mwangalie mzee anapumzika vipi, umweleze daktari. Kipimo chenyewe hakina uchungu: mgonjwa analala, anapimwa presha ya mkono na ya kifundo cha mguu, kisha ya mguu inagawanywa kwa ya mkono. Jibu la kawaida ni kati ya 1.0 na 1.4. Likiwa 0.9 au chini yake, mishipa ya mguu imebana. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kupata zaidi ya 1.4, na hapo watu hufurahi bure: mishipa imekakamaa haikubali kubanwa, hivyo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, muulizie kipimo hiki waziwazi, na kikihitajika muombe rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kuna miguu ambayo si ya mashine hata kidogo. Mguu unaouma usiku kitandani mpaka mzee aushushe chini ndipo apate nafuu, kidonda cha kidole au kisigino kisichopona, kidole kinachobadilika kuwa cheusi: hao ni wa hospitali bila kuchelewa, kwa sababu mguu unaweza kukatwa. Na mguu uliopauka ghafla, ukawa wa baridi, unauma vikali na hausogei vizuri, huo ni wa saa hiyohiyo. Msimchue, msimpeleke kuumikwa, msimloweke maji ya moto.

Mashine inafanya nini basi? Ile inayoitwa TENS hupitisha umeme mdogo kwenye ngozi kupitia vibandiko na kuamsha mishipa ya fahamu. Maelezo yanayotajwa zaidi ni nadharia ya watafiti wa maumivu, Melzack na Wall, ya mwaka 1965, kwamba ishara za mguso zikiwa nyingi kwenye uti wa mgongo huzuia ishara za maumivu zisipande zote kwenda kwenye ubongo. Mzee akiumwa kidogo, anatembea zaidi. Ipo aina nyingine inayokaza misuli yenyewe, ikiwemo ile ya kukanyagwa kwa nyayo mtu akiwa amekaa. Hizi ni mbili tofauti, na muuzaji asikuchanganye. Tafiti za TENS kwa ugonjwa huu, zikiwemo zilizofanywa Uingereza, ni za watu wachache. Zimeonyesha baadhi yao wakiongeza umbali. Mashine haizibui mshipa. Anayekuambia inazibua, achana naye.

Kabla ya kubandika chochote, pima kama miguu inahisi. Mzee afumbe macho, umguse nyayo na vidole kwa pamba, aseme umemgusa wapi. Kisukari huleta ganzi, na mguu wenye ganzi unaweza kuungua bila mwenyewe kujua. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani asitumie mpaka daktari wake wa moyo aseme. Mguu uliovimba upande mmoja kwa damu iliyoganda usiwekewe, wala ngozi yenye kidonda.

Dawa na tumbaku ni jambo fupi lakini ni zito kuliko mashine: sigara iachwe kabisa, sukari na presha zidhibitiwe, na dawa za kupunguza mafuta na kuzuia damu kuganda zinywewe kama zilivyoandikwa. Mafuta haya hayachagui mguu peke yake. Daktari ausikilize moyo kabla ya mazoezi, na kifua kikibana njiani mzee asimame na apelekwe hospitali.

Kisha pimeni mwendo wake bila mashine, ili baadaye mjue kama imesaidia. Ngamiani inarahisisha kazi hii kwa kuwa barabara zake zina namba: andikeni maumivu yalianza barabara ya ngapi, na akashindwa ya ngapi. Njia iwe ileile, asubuhi jua halijawa kali, na viatu vilivyofunika vidole. Mazoezi yenyewe ndiyo tiba yenye ushahidi mkubwa: atembee mpaka maumivu yawe ya wastani, apumzike, aendelee, nusu saa au zaidi kwa siku, angalau mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Mashine ni ya kumsaidia afanye hayo. Ikiwa itamfanya akae sebuleni na vibandiko mguuni, mimi naona bora msiinunue.

Mkiamua, mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia amjaribishe kwanza na awaonyeshe pa kubandika. Nguvu iongezwe polepole mpaka msisimko uwe mkali bila kuuma. Ngozi isiwe na mafuta ya nazi wala jasho, maana kibandiko kitabanduka au kitagusa nusunusu na kuchoma. Ulizeni kama vibandiko vya kubadilisha vinapatikana Tanga, kama kifaa kinatambuliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kama chaja yake inakubali umeme wetu wa volti 230. Kila jioni mtu mmoja wa nyumbani aikague miguu, nyayo na katikati ya vidole. Mzee anayetawadha mara tano kwa siku azikaushe sehemu hizo kila mara. Akiona wekundu usiotoweka pale palipobandikwa, azime mashine na arudi kwa mtaalamu.