Somo: Kusoma FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) unaposhuku maambukizi kwenye damu

Kila wiki mtu anatuma picha ya majibu na kuuliza, "WBC 13, hii si sepsis?" WBC ni chembe nyeupe za damu, 13 maana yake 13,000 kwa mikrolita; sepsis ni mwili kuzidiwa na maambukizi. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena mwelekezeni huku. FBP haikutajii mdudu. Inakuongezea shaka au inakupunguzia. Mdudu anapatikana kwa kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chupa zenye virutubisho ili mdudu akue aonekane.

Hatua ya 1. Damu ya kuotesha itoke kabla ya antibayotiki, ila aliyezidiwa msimcheleweshee dawa. Mtu mzima: mililita 8 hadi 10 kila chupa. Chupa hizo zitangulie, tyubu ya zambarau (ya FBP) ifuate.

Hatua ya 2. Pindua tyubu taratibu mara 8 hadi 10. Usitikise.

Hatua ya 3. Angalia jumla ya chembe nyeupe. Kwa mtu mzima, zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000 kwa mikrolita huongeza shaka. Ila Waafrika wengi wenye afya njema wana nyutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) chache kuliko viwango vya Ulaya vilivyowekwa kwenye mashine. Viwango vya watu wazima wa kusini mwa Tanzania, vilivyotokana na kazi ya hapa Mbeya, vilichapishwa mwaka 2008, vitumieni. Majibu ya zamani ya mgonjwa mwenyewe ni bora zaidi.

Hatua ya 4. Slaidi, yaani tone la damu lililotandazwa kwenye kioo na kupakwa rangi. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Mashine nyingi za vituoni zinagawa chembe nyeupe makundi matatu tu, na nyutrofili changa hazitenganishi. Jumla inaweza kuwa 7,000, ukadhani mambo ni shwari, kumbe uboho unamwaga changa. Hesabu chembe 100 kwa darubini. Changa zikizidi asilimia 10, shaka inapanda. Tafuta pia, ndani ya nyutrofili, punje nzito nyeusi, matundu na madoa ya bluu yaitwayo ya Döhle; hivyo navyo vinapandisha shaka.

ONYO: damu ikikaa saa nyingi kwenye tyubu, matundu hujitokeza yenyewe. Tengeneza slaidi ndani ya saa mbili. Na rangi ikikolea kupita kiasi, kila nyutrofili itaonekana na punje nzito. Paka rangi slaidi ya mtu mzima wa afya siku hiyohiyo, ulinganishe kabla hujaandika chochote.

Hatua ya 5. Chembe sahani chini ya 150,000 hutokea kwenye sepsis, na kwenye malaria pia. Kwanza kagua mkia wa slaidi (ncha nyembamba damu inapoishia). Zikiwa zimegandana, namba ya mashine ni ya uongo. Rudia kwa tyubu ya sitreti, zidisha jibu kwa 1.1, maana sitreti ni maji yanayoizimua damu.

MASWALI

— Mkuu, WBC 15.2, nianze ceftriaxone (antibayotiki)?
Umri? Homa? Mapigo? Ni mjamzito? Anameza prednisolone? Ujauzito na dawa hiyo hupandisha chembe nyeupe bila maambukizi. Rudi hatua ya 3 na ya 4.

— Kwa hiyo FBP haina kazi, tupime Widal (kipimo cha taifodi) tu.
Sijasema hivyo. Mgonjwa anatetemeka, chembe 2,100, changa asilimia 30: hapo napiga simu wodini, sisubiri karatasi. Na kwenye taifodi chembe nyeupe mara nyingi hubaki kawaida au hushuka, kwa hiyo kawaida isikutulize. Otesha damu.

— Shikamoo dada. Niko Makete, wodi ya watoto wachanga. Kichanga wa siku moja ana 22,000. Nihofu?
Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Wakati wa kuzaliwa hata 30,000 inaweza kuwa kawaida. Gawanya nyutrofili changa kwa nyutrofili zote: 12 kwa 48 ni 0.25, na kuanzia 0.2 shaka inaongezeka. Hesabu pia chembe nyekundu zenye kiini, kwa kuwa mashine huzihesabu kama nyeupe. Mashine ikisema 24,000 na ukaona 20 kwa kila nyeupe 100, basi 24,000 × 100 ÷ 120 = 20,000. Kipimo cha saa za mwanzo kikiwa kizuri hakiondoi maambukizi. Rudia baada ya saa 12 hadi 24, na mtoto asiyenyonya msimsubirishe namba.

— Sisi Kyela sampuli zinapanda gari hadi Mbeya. Tufanyeje?
Tengenezeni slaidi hukohuko, ikauke, igandisheni kwa methanoli (seli zishike kwenye kioo), andikeni jina kwa penseli kwa sababu wino unafutika. Tumeni pamoja na tyubu, mbali na jua la dirishani.

— Za kwetu zinatoka na vidoa vinavyong'aa kwenye chembe nyekundu.
Methanoli imeingiwa maji. Kyela kuna unyevu mwingi. Mimina kidogo ya kutumia siku hiyo, chupa kubwa ifungwe muda wote.