Somo: Kuchagua jina fupi la tovuti ya biashara

Jina la tovuti mteja hulisikia kabla ya kuliona: redioni, kwenye simu, kwa mtu wa bodaboda. Basi jina zuri ni lile ambalo akilisikia mara moja anaweza kuliandika bila kuuliza. Mtandao unaruhusu hadi herufi 63 kabla ya nukta. Sisi tunashauri usizidi 12.

Hatua ya 1. Andika majina 15 hivi kwa kuunganisha bidhaa na mahali. Muuza kahawa ya Mlima Elgon aanze na kahawaelgon, bunielgon, bunimbale.

Hatua ya 2. Futa yenye mitego. Hapa usiharakishe. Katika Kiganda r huandikwa baada ya e na i tu, kwingine ni l, kwa hiyo "bora" ikisikika Kampala inaweza kuandikwa "bola". Herufi pacha nazo husumbua: visiwa vile vile, huyu ataandika Ssese, yule Sese. Tazama pia maneno yanapokutana: bidhaa na asili huzaa "bidhaaasili", a tatu mfululizo, na wengi wataandika mbili. Tarakimu mteja hajui aiandike 4 au "nne". Kistari kinakubalika katikati, si mwanzoni wala mwishoni, lakini redioni hakisikiki. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti.

Hatua ya 3. Pigia watu 5 simu, tamka jina mara moja tu, wakutumie walivyoliandika. Wawili wakikosea, liache hata kama unalipenda.

Hatua ya 4. Angalia kwenye whois, huduma ya mtandaoni inayoonyesha kama jina limeshasajiliwa, kama liko wazi, kisha angalia URSB, ofisi ya usajili wa biashara ya Uganda, kwenye majina ya biashara na alama za biashara. Kuwa wazi mtandaoni hakukukingi na mwenye alama.

Hatua ya 5. Lisajili kwa jina lako mwenyewe, si la fundi wa tovuti. Aliyeandikwa ndiye mwenye mali. Barua pepe ya usajili isiwe ya kikoa hicho hicho, yaani jina hilo hilo la tovuti: kikizimika, hutapata ilani wala nywila mpya.

MASWALI

Mwalimu, .com au .co.ug?
Wateja wakiwa hapa Uganda, .co.ug inawaambia uko karibu nao. Ukiuza nje, .com. Ukimudu, chukua zote mbili na moja ielekeze kwa nyingine.

Jina langu la .com limeisha muda wiki jana. Limepotea?
Bado, ila lipa leo. Msajili, yaani kampuni uliyolisajili kwake, anaweza kukuachia hadi siku 45, naye ndiye anayeamua. Akishalifuta kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 ambazo haliwezi tena kukombolewa, kisha yeyote analichukua.

Naweza kulibadilisha baadaye?
Herufi hazibadilishwi, unasajili jina jipya na la zamani unalielekeza huko. La zamani endelea kulilipia, ndugu, kwa sababu atakayelichukua ataweza kupokea barua pepe ambazo wateja bado wanakutumia wewe.