Uko Hangzhou au Yiwu? Panda treni uende Anji ukanunue chai shambani

Nyie mnaosoma Hangzhou na Jinhua na nyie mnaofunga mizigo Yiwu, msimalize miaka yote mkoa wa Zhejiang, hapa China, bila kufika Anji. Ni wilaya ya milimani chini ya mji wa Huzhou, kaskazini magharibi ya mkoa, na treni ya mwendokasi kutoka Hangzhou haichukui hata saa nzima. Ukitokea Yiwu pitia tu Hangzhou. Tiketi unakata kwa pasipoti.

Kuna mianzi kila upande unaoangalia, na mlima Longwangshan unafika mita 1,587, maji yake ndo yanaenda kuwa mto Huangpu ule unaopita katikati ya Shanghai.

Sasa chai, maana ndo sababu yenyewe ya kwenda. Inaitwa Anji Bai Cha, yaani chai nyeupe, lakini inatengenezwa kama chai ya kijani, kwa hiyo usiichanganye na chai nyeupe ya mkoa wa Fujian, ni vitu viwili tofauti kabisa. Majani yakichipua kwenye baridi ya mwanzo wa masika yanakuwa meupe meupe na mishipa ya kijani, joto likipanda yanarudi kijani kama chai nyingine, ndo maana msimu ni mfupi sana, mwisho wa Machi mpaka katikati ya Aprili hivi. Iliyochumwa kabla ya Qingming, ile sikukuu ya Wachina ya kusafisha makaburi, tarehe 4 au 5 Aprili, ndo ghali kuliko zote. Mi nakushauri subiri wiki moja baada ya hapo, bei inashuka na ladha bado ni tamu.

Na sikiliza hapa, bei wanataja kwa jin, na jin ni nusu kilo, sio kilo! Uliza kabla hujafungua pochi. Omba uonjeshwe kwenye glasi, maji yasiwe ya kuchemka, nyuzi 80 hadi 85 yanatosha, majani yakifunguka utaona ile mishipa vizuri. Ukiipikia maziwa na tangawizi kama ya kwetu umeiua, hiyo kunywa yenyewe tu bila kuchanganya kitu. Nyumbani ifunge isipitishe hewa uweke kwenye friji.

Kitu kingine ni machipukizi ya mianzi. Mabichi lazima uyachemshe kwanza umwage maji, la sivyo ni machungu. Makavu ndo mazuri kusafiri nayo, unaloweka usiku kucha halafu unayapika na nyama ya ng'ombe polepole mpaka yalainike.

Kama unalala, hoteli inakuandikisha polisi yenyewe, ila ukilala kwa rafiki au kwa mwenyeji kijijini ni nyie wenyewe kujiandikisha polisi ndani ya saa 24, na pasipoti yenyewe mkononi, sio kopi.