Somo: Kusugua na kupiga vanishi upya sakafu ya parketi

Parketi ni sakafu ya vipande vidogo vya mbao vilivyopangwa kwa mtindo. Kabla hujakodi mashine, jua unene wa mbao. Bandua skatingi (ubao wa chini ya ukuta) kwenye kona moja uone ubavu wa kipande. Parketi ya mbao tupu huvumilia kusuguliwa mara kadhaa. Ile ya plaiwudi yenye tabaka la mbao ngumu juu, tabaka likiwa chini ya milimita 2, usiiguse kwa mashine ya ngoma (yenye silinda ya msasa inayozunguka).

Kisha dondoshea maji mahali panapokanyagwa sana. Tone likibaki juu, vanishi bado ipo. Msasa mwepesi na mkono mmoja (tabaka moja) wa vanishi huenda vikatosha. Likinyonywa na mbao ikawa nyeusi, kazi ni hii:

1. Gonga kila kipande kwa mpini wa nyundo. Kinachotoa sauti ya uwazi kimeachia. Kitoe, kibandike upya, kiwekee uzito kwa saa 24. Ukikuta chini gundi nyeusi kama lami, usiikwangue wala kuipiga msasa mpaka ipimwe, maana gundi za zamani za aina hiyo huweza kuwa na asbesto.

2. Zamisha vichwa vya misumari milimita 3 kwa panchi (chuma cha kusukumia msumari ndani). Kimoja tu kinachana mkanda mzima wa msasa.

3. Sugua. Sakafu nyingi huharibikia hapa, si kwenye vanishi. Vipande vya parketi hulala huku na huku, kwa hiyo habari ya kufuata nyuzi za mbao isahau. Msasa namba 40 (namba ndogo ni mkali, kubwa ni laini) upite mshazari, kona hadi kona. 60 mshazari wa pili. 80 na 100 zifuate mwanga wa dirisha. Usiruke namba: mikwaruzo ya 40 haifutwi na 100, inang'arishwa tu, nawe utaiona vanishi ikishapakwa. Ngoma ishushwe mashine ikiwa inatembea, iinuliwe kabla haijasimama, la sivyo inachimba bonde. Pembezoni tumia mashine ya kingo kwa namba zilezile. Vaa barakoa. Vumbi lisilale kwenye mfuko wa mashine, linaweza kushika moto, limwage nje.

4. Ziba nyufa kabla ya namba 100. Chukua vumbi la namba 80 la sakafu hiyohiyo ili rangi ifanane, changanya na gundi maalumu ya kuzibia mpaka iwe kama uji mzito, sambaza kwa bapa la chuma.

5. Fyonza vumbi mara mbili, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha pakauke. Vanishi ya maji, lita 1 hufunika takriban mita 10 za mraba. Chumba cha mita 20 za mraba kwa mikono mitatu ni lita 6. Anzia mbali na mlango, na usirudie palipoanza kukauka. Mkono wa kwanza husimamisha nyuzi za mbao, hivyo ukikauka pitisha msasa namba 180, ufute, ndipo upige wa pili. Soksi baada ya saa 24, samani siku ya tatu, zulia baada ya siku 7.

MASWALI

Mkuu, madoa meusi yamegoma hata kwa namba 40.
Hayo ni ya maji yaliyokutana na chuma, na yameingia ndani. Jaribu asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji, ukiwa na glavu na miwani, kisha suuza vizuri kabla ya kurudi kwenye msasa. Yakibaki, badilisha kipande.

Vanishi imejikunja, imeacha vijishimo vya duara. Tatizo nini?
Nta au silikoni ya zamani. Mkono wa pili hautaficha. Acha ikauke, sugua hadi mbao, futa kwa tina, subiri ikauke kabisa, anza tena.

Naweza kupaka mafuta badala ya vanishi?
Ndiyo, na kiraka chake ni rahisi baadaye. Ila matambara yenye mafuta usiyafinyange pamoja: hupata joto na kuwaka yenyewe. Yaloweke kwenye kopo la maji.

Nimeziba nyufa, miezi michache zimerudi!
Hewa ikikauka mbao husinyaa, ikiwa na unyevu huvimba. Nyufa nyembamba ziache. Pana sana zizibwe kwa vijiti vya mbao, si kwa uji.