Guangzhou hadi Yiwu: saa mbili za angani, nusu siku mkononi

Wanaofuata mzigo China mara nyingi hushukia Guangzhou, kisha wanataka kuunganisha Yiwu, mji wa masoko ya jumla. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 940 hivi, na ndege huruka takriban saa mbili. Ukishairekebisha saa yako Guangzhou, usiiguse tena: China nzima inatumia majira ya Beijing, saa tano mbele ya Nairobi na Dar.

Hizo saa mbili lakini zisikudanganye. Uwanja wa ndege wa Guangzhou, Baiyun, uko karibu kilomita 28 kutoka katikati ya jiji, na kuna kujisajili, ukaguzi na foleni zake. Mimi huhesabu saa sita, mlango kwa mlango. Treni ya kasi nayo inafika, ila unakaa kwenye kiti zaidi ya saa tano.

Mtego wenyewe ni mizigo. Umetoka nyumbani na mabegi mawili ya kilo 23, halafu tiketi ya ndani ya China, daraja la kawaida, mara nyingi inakupa kilo 20 tu. Soma tiketi kabla ya kulipa, la sivyo utafungua mabegi mbele za watu.

Na pawabenki! Tangu tarehe 28 Juni 2025, isiyo na alama ya 3C (alama ya China ya usalama wa bidhaa) hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China. Nyingi tunazonunua huku kwetu hazina alama hiyo, kwa hiyo igeuze uitazame kabla hujafunga begi.