Mbwa mweusi na joto: somo kwa wawindaji wa rakuni

Kila kiangazi huulizwa kama mbwa wa kuwindia wa jamii ya Black and Tan huzidiwa na joto upesi kuliko yule wa jamii ya Treeing Walker, mwenye mabaka meupe, kwa sababu ya weusi wake, basi naandika mara moja. Weusi hufyonza joto la jua, lakini rakuni, mnyama mdogo wa Amerika, huwindwa usiku, na joto linalomwangusha mbwa hutoka katika misuli yake mwenyewe. Yeye hupoa hasa kwa kutweta, na katika unyevunyevu wa jimbo la Georgia, Marekani, mwezi Julai kutweta hakumfai sana.

1. Mpunguze unene kabla ya msimu.

2. Mzoeshe kukimbia kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, katika hali ya hewa ileile atakayowindia. Anayeshinda kwenye kiyoyozi hajazoea joto.

3. Beba maji mengi.

4. Ulimi ukipanuka, fizi zikiiva wekundu, mate yakiwa mazito au akipepesuka, mpoze papo hapo, kisha ndipo umpeleke kwa daktari wa mifugo. Mimi nilitanguliza safari. Nilimfunika mbwa wangu jike taulo lililolowa maji, nikaendesha gari kwa kasi, na taulo lile likamzibia joto kama blanketi. Alifika akiwa hai, lakini figo zilishindwa na siku ya tatu akafa. Msifunike mbwa. Mmwagieni maji mfululizo penye upepo, mkome joto la mwili likishuka hadi nyuzi 39.5 za Selsiasi, na hata akisimama mwenyewe mpelekeni, kwa kuwa madhara ya ndani huchelewa kuonekana.

Swali: Kwa hiyo ninunue mweupe?
Jibu: Tafadhali soma aya ya kwanza.

Swali: Wangu hachoki, kuna haja gani ya mazoezi?
Jibu: Hachoki kwa sababu hamu ya windo humzuia kusimama. Huyo ndiye wa kuhofiwa.

Swali: Wazee walituonya kwamba maji baridi humdhuru mbwa aliyepata joto. Je, ni kweli?
Jibu: Asante kwa kuuliza, nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Mbwa kijana mwenye afya mtumbukize hata kijitoni, ukimshika kichwa kibaki juu ya maji; mzee au mgonjwa mmwagie huku ukimpepea.

Mchangiaji: Mimi humpima joto akiwa amepumzika nyumbani, nijue kawaida yake.
Jibu: Vyema sana. Ongeza kola ya GPS, inayokuonyesha mbwa alipo: ikionyesha amesimama na sauti yake haisikiki, usimngoje arudi, mfuate na maji.