Kabla ya kumfuga samaki-jiwe Kigoma

Samaki-jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni, ni wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, na Kigoma iko mbali na zote mbili. Kabla hujafikiria tangi, fikiria umbali huo: chumvi yake na dawa ya sumu yake vyote viko mbali.

Tuanze na chumvi. Ya Uvinza ipo jirani na bei yake nafuu, lakini haifai. Chumvi ya kupikia ni sodiamu kloridi karibu tupu, wakati maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu na potasiamu kwa uwiano wake. Agiza chumvi maalumu ya akwaria ya baharini, gramu 35 hadi 38 kwa kila lita. Tangi la lita 300 linaanza na kilo 11 hivi. Kisha kubadilisha lita 40 kila wiki mbili kunakula kilo moja na nusu. Uwe na akiba ya miezi mitatu ndani, maana mzigo ukikwama njiani samaki hasubiri.

Maji ya Ziwa Tanganyika yanavutia kwa usafi wake, ila ualkali wake ni karibu mara tatu ya ule wa bahari. Ukiyatia chumvi ya akwaria, kalsiamu inajitenga na kuganda kwenye hita na pampu kama utando mweupe. Tumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi, unaoondoa madini, au ya mvua yasiyopita kwenye bati jipya, kwa sababu ya zinki. Maji yakipungua kwa joto, jazia yasiyo na chumvi: kinachopotea ni maji, chumvi inabaki. Pima kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi majini: uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi ukae kati ya 1.023 na 1.025, joto nyuzi 24 hadi 27.

Tangi lifanye kazi bila samaki wiki nne hadi sita, mpaka amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu, zisome sifuri. Pampu ya hewa ya betri iwe tayari. Umeme ukikatika usiku kucha, hewa ndiyo inayoisha kwanza.

Muuzaji akuonyeshe samaki akila nyama iliyokufa kabla hujalipa, kwani wengine hugoma kabisa. Mpe kamba au pweza mara mbili kwa wiki, kipande kisichozidi nusu ya kichwa chake. Akishiba kupita kiasi hutapika, na amonia inapanda ghafla. Dagaa wa ziwa wasiwe chakula chake pekee. Lishe ya samaki wa baharini haikamiliki hivyo. Wala usimwekee mwenzake anayeenea mdomoni mwake.

Sasa sumu. Mgongoni ana miiba 13, kila mmoja na vifuko viwili vya sumu, na inatoboa glovu za mpira. Hufukia mwili mchangani, kwa hiyo usiingize mkono hata kama unaamini yuko kona ile. Koleo la sentimita 50, sumaku ya kusafishia kioo, mfuniko wenye kufuli. Akihamishwa, tumia chombo kigumu. Wavu hunasa miiba na mfuko hutoboka.

Akichoma mtu, tumbukiza kiungo kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Yapime kwa mkono mzima, kwani uliochomwa hauhisi sawasawa. Joto huvunja sumu. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Mgonjwa aende hospitali hata maumivu yakipungua. Dawa ya kuzuia sumu hii hutengenezwa Australia, basi zungumza na madaktari wa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, kabla samaki hajafika, uwaachie jina lake la kisayansi: Synanceia verrucosa. Birika na kipimajoto vikae karibu na tangi, na kila mtu nyumbani ajue vinatumikaje.

Hata akifa, miiba yake inachoma bado. Mtie kwenye kopo gumu lenye kifuniko na umzike mbali na watoto wanapochezea.